Ngoja Ngoja Huumiza Matumbo

(Mazungumzo ya kikosi cha afya kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, juu ya utumbo kuziba, upasuaji wake, na matata yanayoweza kufuata)

  Mmezoea kutusikia tukifundisha juu ya vyoo, maji safi, chanjo na chakula cha watoto. Leo tuna jambo lingine ambalo vikundi vingi havijalifikiria. Ni ugonjwa wa tumbo ambao dawa yake ni kisu cha daktari. Tena si kisu cha wiki ijayo. Ni kisu cha leo hii hii.

Mnaijua methali ya wazee: ngoja ngoja huumiza matumbo. Wengi wetu huitumia tukimkemea mtu mzembe. Lakini sisi tunaohudumia wagonjwa tumeona kwamba kuna tumbo moja ambalo methali hiyo hulihusu neno kwa neno. Ni tumbo lililofunga.

UTUMBO KUZIBA NI NINI?

Chakula kikishasagwa tumboni huingia katika utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima una urefu wa kama meta 6. Halafu hupita katika utumbo mpana, wa kama meta 1 na nusu, na mabaki hutoka kama choo. Ndani ya njia hii hupita maji mengi kuliko tunavyodhani. Mate, maji ya tumbo, nyongo na majimaji ya utumbo wenyewe hufika lita 7 au zaidi kwa siku, na karibu yote hunyonywa tena na mwili.

Sasa hebu fikirini mpira wa kunyunyizia maji shambani. Ukikunjika mahali, maji hujaa nyuma ya kunjo, na mbele hakuna kitu. Utumbo nao ni vivyo hivyo. Ukiziba, maji na hewa hujaa nyuma, tumbo huvimba, na mgonjwa huanza kutapika. Maji ambayo mwili ungeyanyonya hayarudi tena. Kwa hivyo mtu hukauka, ijapokuwa tumbo lake limejaa maji.

Hiyo ni hatari ya kwanza. Hatari ya pili ni kubwa zaidi. Utumbo ni nyama hai, nao hulishwa na mishipa midogo ya damu. Ukibanwa au ukijisokota, mishipa hiyo nayo hubanwa. Utumbo usiopata damu huanza kufa, na katika muda wa kama saa 6 unaweza kuwa umekufa usiweze kuokolewa. Basi hesabuni wenyewe. Tumbo likifunga saa nne usiku, kufikia saa kumi alfajiri huenda tumechelewa. Yule aliyesema "tungoje kupambazuke" hata jua halijamwonyesha njia.

YANAYOFANYA UTUMBO UZIBE

Sababu ni nyingi, lakini hizi ndizo tunazoziona zaidi.

Ya kwanza ni henia, ambayo wengine huiita ngiri au mshipa. Ukuta wa tumbo umeachana, mara nyingi kwenye kinena, na utumbo huchungulia nje chini ya ngozi. Mwenye henia huona uvimbe unaotokea akiinua mzigo na kurudi ndani akilala. Anaweza kukaa nayo miaka mingi bila shida. Lakini siku uvimbe ukiwa mgumu, ukiuma na ukikataa kurudi, utumbo umenaswa.

Ya pili ni utumbo mpana kujisokota. Sehemu ya mwisho ya utumbo huo ikiwa ndefu, hujizungusha kama kamba. Katika Afrika Mashariki ugonjwa huu huonekana zaidi kuliko katika nchi nyingi za Ulaya, hasa kwa wanaume. Tumbo huvimba likawa kama ngoma.

Ya tatu ni makovu ya ndani. Mtu aliyewahi kupasuliwa tumbo, hata kwa kujifungua, anaweza kupata nyuzi za kovu zinazoshikanisha matumbo. Hizo zinaweza kuleta shida baada ya miezi au hata baada ya miaka mingi.

Ya nne ni ya watoto. Mtoto mchanga, hasa wa miezi 4 hadi 10, anaweza kupatwa na utumbo kuingia ndani ya utumbo mwenzake, kama mkono wa sweta unapojikunja ndani. Hulia kwa vipindi akikunja miguu, hutapika, na baadaye hutoa choo chenye damu na ute. Mtoto mkubwa zaidi anaweza kuzibwa na minyoo iliyojikusanya kama mpira.

Ya tano ni uvimbe wa saratani katika utumbo mpana. Huu huziba polepole. Mtu akiona choo chake kimebadilika kwa wiki nyingi, au kina damu, asingoje mpaka kifunge kabisa.

DALILI NNE ZA KUKUMBUKA

Shikeni vidole vinne, muwafundishe hata watoto wa shule.

1. Maumivu ya kukata yanayokuja na kwenda.
2. Kutapika. Matapishi ya kijani, au yenye harufu ya choo, ni hatari kubwa.
3. Tumbo kuvimba.
4. Kukosa choo na pia kukosa kutoa hewa. Msione haya kumwuliza mzee swali hili. Mtu asiyepata choo lakini anatoa hewa huenda amefunga choo cha kawaida tu. Asiyetoa hata hewa ni jambo jingine.

Si lazima zote nne zionekane pamoja. Mbili zikiwapo, mgonjwa aondoke nyumbani. Maumivu yaliyokuwa yakija na kwenda yakigeuka kuwa ya kudumu, na tumbo likiwa gumu halitaki kuguswa, hapo hata dakika zina thamani.

YA KUTOFANYA NYUMBANI

Msimpe dawa ya kuharisha, iwe ya duka, ya mitishamba au mafuta ya mbarika. Utumbo uliozibwa ukisukumwa kwa nguvu unaweza kupasuka. Msimpige bomba. Msimkande tumbo wala kusukuma henia iliyokuwa ngumu. Msimpe uji, chai wala maji kwa kumhurumia, kwa sababu tumbo lililojaa huleta hatari wakati wa nusukaputi. Mgonjwa anaweza kutapika na matapishi yakaingia mapafuni. Kiu yake itatulizwa na dripu.

Mama mmoja alituuliza, "Je, tusimwombee kwanza?" Ombeni, mama. Lakini ombeni mkiwa ndani ya gari.

KISU NI KIMOJA, SAA NDIZO TOFAUTI

Tunajua watu wengi wanaogopa upasuaji. Husemwa kijijini, "Fulani alipasuliwa tumbo akafa." Hatukatai kwamba wako waliokufa. Lakini hebu tuchukue mfano.

Wanaume wawili wana henia, na zote mbili zimenaswa usiku mmoja. Wa kwanza anafika hospitali baada ya saa 4. Daktari anafungua, anaona utumbo umebadilika rangi kidogo. Anaufunika kwa vitambaa vyenye maji ya chumvi yenye joto na kungoja. Rangi nyekundu inarudi. Basi anaurudisha mahali pake na kushona ukuta. Baada ya siku chache mtu yuko kwake.

Wa pili anafika siku ya tatu, baada ya kunywa dawa za kuharisha. Utumbo wake ni mweusi. Lazima sehemu iliyokufa ikatwe na ncha mbili ziunganishwe. Uchafu umemwagika tumboni, sumu imeingia katika damu, na figo zimechoka. Kazi iliyokuwa ya saa moja imekuwa ya usiku mzima.

Kijijini watasema wote wawili walipasuliwa henia. Mmoja alirudi kwa miguu yake, mwingine alirudi ndani ya sanduku. Ndipo maneno yanapoanza, kwamba kisu kinaua. La, ndugu zetu. Kisu ni kimoja, saa ndizo tofauti.

Na wenye henia ambayo haijanaswa, usipoziba ufa utajenga ukuta. Upasuaji uliopangwa mchana, mtu akiwa na nguvu zake, ni mdogo. Siku hizi madaktari mara nyingi hutia wavu mwembamba ili kuimarisha ukuta wa tumbo. Wavu wa viwandani ni wa bei kubwa, lakini mwaka wa 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa mashariki mwa Uganda kwa wanaume wapatao 300. Ulionyesha kwamba wavu wa bei nafuu uliotengenezwa kwa kitambaa cha neti ya mbu ulifanya kazi sawa na ule wa bei kubwa. Angalieni, kitambaa hicho hakikuwa neti ya kulalia iliyotiwa dawa. Kilitayarishwa na kusafishwa kwa namna ya hospitali.

MGONJWA AKIFIKA HOSPITALI

Familia hushtuka kuona mipira mingi, kwa hivyo tueleze. Mpira wa puani si wa kulishia. Ni wa kutoa maji na hewa iliyojaa tumboni, na mgonjwa hupata nafuu mara moja. Msiuvute. Dripu hurudisha maji na chumvi. Mpira wa mkojo huonyesha kama figo zinafanya kazi. Eksirei huonyesha mahali palipojaa hewa.

Si kila tumbo lililofunga hupasuliwa. Mengine yanayoshikwa na makovu hufunguka kwa mpira wa puani na dripu, yakiangaliwa kwa makini. Utumbo mpana uliojisokota, ukiwa bado uko hai, unaweza kufunguliwa kwa mpira unaopitishwa nyuma. Hewa hutoka kwa kishindo na tumbo hushuka. Hapo watu hushangilia na kwenda nyumbani. Tunawasihi, msiende moja kwa moja! Utumbo huo hupenda kujisokota tena, na daktari akishauri sehemu hiyo ndefu ikatwe, sikilizeni.

Halafu kuna sahihi. Tumeona mgonjwa amelazwa akingoja ndugu mkubwa asafiri kutoka mjini ili "aseme neno". Mtu mzima mwenye akili zake anaweza kutia sahihi mwenyewe. Kama hawezi, aliye karibu naye atie. Semeni neno hilo sasa, mkiwa wazima, nani ataamua.

MATATA YANAYOWEZA KUFUATA

Upasuaji si mwisho wa safari. Tungependa mjue matata yenyewe, na siku zake, ili msiyaite urogi.

Siku 3 za kwanza, tuangalie kifua. Mgonjwa anayeogopa kupumua kwa nguvu hupata nimonia. Aketi, avute pumzi ndefu, akohoe akiwa ameshika mto juu ya kidonda. Aanze kutembea mapema anavyoelekezwa, kwa maana kulala tu huleta damu kuganda miguuni. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi zikikatika ghafla, mwiteni mhudumu upesi.

Toka siku ya 4 hivi, tuangalie kidonda. Kikiwa chekundu, cha moto, chenye usaha au harufu, kinahitaji kufunguliwa na kusafishwa. Msipake majivu, samadi wala unga wa vidonge.

Kati ya siku ya 5 na ya 7, ikiwa utumbo ulikatwa na kuungwa, kiungo kinaweza kuvuja. Hili ndilo tata tunaloliogopa zaidi. Mgonjwa aliyekuwa akipata nafuu hupata homa, moyo hupiga mbio, tumbo huvimba tena, na wakati mwingine maji ya choo hutokea kwenye kidonda. Huenda akarudishwa thieta. Huvuja zaidi kwa aliyefika amechelewa, aliyedhoofika kwa njaa, na mvuta sigara. Mgonjwa huyo hajakosea, wala jirani yake hajamfanyia kitu.

Kati ya siku ya 7 na ya 10, ukiona kitambaa cha kidonda kimelowa ghafla maji ya rangi ya waridi, jua kwamba mshono wa ndani unaachia. Matumbo yakitokea nje, msiyarudishe kwa mkono. Lowesheni kitambaa safi kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, funikeni, na mkimbie hospitali.

Kwa wiki 6 hivi, asiinue kitu kizito. Hakuna mtungi, hakuna jembe, hakuna gunia. Anayeharakisha anaweza kupata henia mpya palepale pa mshono. Na kwa maisha yake yote akumbuke kwamba ana kovu ndani. Dalili nne zikirudi, arudi hospitali.

Kuhusu chakula, baada ya upasuaji wahudumu ndio watakaosema lini aanze kunywa na kula. Wako watu wa nyumbani wanaoleta uji kwa siri chini ya leso. Upendo wa namna hiyo unaweza kumdhuru.

MFUKO WA CHOO SI AIBU

Wakati mwingine daktari huona kwamba kuunga utumbo siku ileile ni hatari. Basi huutoa mdomo wa utumbo juu ya ngozi ya tumbo, na choo hutoka hapo kuingia katika mfuko. Mara nyingi ni kwa muda tu. Baada ya miezi kama 3 au zaidi, mtu akishapata nguvu, hurudishwa thieta na kuungwa. Kwa wengine hubaki maisha yote.

Mdomo huo ukiwa na afya ni mwekundu na wenye unyevu kama ndani ya shavu. Ukigeuka mweusi, ni hatari. Ngozi ya kando ioshwe kwa maji safi tu na kukaushwa taratibu kabla ya kubandika mfuko. Mifuko ni ya bei, na si kila duka la dawa linayo. Hapa ndipo kikundi kinaweza kuokoa heshima ya mtu. Tumewaona watu wenye mfuko wakiacha kwenda kanisani, sokoni, hata kulala chumba kimoja na mwenzao, kwa kuogopa harufu. Mwenye mfuko anaweza kulima, kuimba kwaya na kuwa mweka hazina. Mtembeleeni, mketi karibu naye, na mle pamoja.

KAZI YA KIKUNDI

Basi, tufanye nini? Tunapendekeza mambo matano, na yote mnaweza kuyaanza kabla ya mkutano ujao.

Kwanza, jueni hospitali iliyo karibu yenye thieta inayofanya kazi usiku. Dispensari haina thieta. Mgonjwa akipelekwa mahali pasipofaa, saa mbili zimepotea.

Pili, patana na wenye magari wawili, na bei ya usiku ijulikane mapema. Bodaboda haifai kwa tumbo lililofunga, ila pale ambapo hakuna njia nyingine.

Tatu, wekeni fungu la dharura kando ya pesa za mzunguko. Harambee ya mazishi hukusanya pesa nyingi kwa siku chache. Kwa nini harambee ya uhai ishindwe? Tena kila nyumba ijiandikishe na SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF kutoka tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wa nyumba yake, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Malipo yafanywe mtu akiwa mzima. Na mkifika mkiwa hamna kitu mkononi, kumbukeni kwamba Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura.

Nne, andikeni majina ya walio tayari kutoa damu.

Tano, pangeni zamu. Mgonjwa akirudi, nani atachota maji? Nani atapalilia? Mama asiye na msaidizi ataanza kubeba mtungi wiki ya pili, na mtamrudisha thieta.

Katika Injili ya Marko tunasoma habari za mgonjwa wa kupooza aliyebebwa na watu wanne. Walipoona mlango umejaa watu, walipanda juu na kutoboa paa. Hatuambiwi majina yao, wala kama walikuwa ndugu zake. Tunachojua ni kwamba hawakungoja umati upungue. Kila kikundi kilicho hapa kina watu wanne. Wachaguliwe leo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Nani kati yetu ana henia, na nini kinamzuia kutibiwa sasa?
2. Tumbo likifunga usiku wa leo, tutampigia nani simu?
3. Je, tuko tayari kumpokea mwenzetu atakayerudi na mfuko?

Mungu awabariki, na aibariki kazi ya mikono yenu.